Marundo ya Gasto

Mwaka 1947 treni za reli ya kati zilikuwa bado zinakula kuni, na pale Itigi hakuna aliyezipanga kama Gasto. Marundo yake yalisimama wima kama ukuta wa kanisa. Karani wa reli aliyapima kwa nje tu, urefu, upana na kimo, akaandika, na serikali ikamlipa mwenye kandarasi ya kuni. Katikati, Gasto alikuwa ameacha uwazi wa kutosha mbuzi wawili kulala. Alifanya hivyo miaka mitatu, kwa amri ya mwenye kandarasi, na usiku alilala vizuri.

Kilichomkosesha usingizi ni unyapara. Mnyapara wa zamani alipofariki, Gasto alijua nafasi ni yake. Badala yake akapewa Yeremia, rafiki yake waliyebatizwa naye siku moja. Wiki ile ile Gasto alimfuata mkaguzi wa reli stesheni, akamwambia achague rundo lolote alisukume kwa mguu. Mkaguzi akasukuma. Kuni zikaporomokea ndani.

Kesi ilisikilizwa Manyoni. Mwenye kandarasi alitozwa faini na kunyang'anywa kazi. Yeremia, mnyapara wa siku kumi na mbili, alikuwa ameweka dole gumba kwenye hati ya kuthibitisha kipimo cha kuni. Akafungwa miezi sita. Gasto alisamehewa kwa kuwa shahidi. Alipoulizwa kwa nini alisema, alijibu kuwa dhamiri ilimsumbua. Hakimu akamsifu, na reli ikampa unyapara.

Jumapili katekista alimtaja kanisani kuwa mfano. Gasto aliinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu. Tangu siku hiyo akawa anakwenda kazini kwa kuzunguka vichakani, asipite kwa Leah, mke wa Yeremia.

Leah akaja mwenyewe, na kibuyu cha asali.

"Shemeji, wewe wanakusikiliza," alisema. "Waambie Yeremia aliyakuta mambo yale."

Gasto alikitazama kibuyu. Angeweza kuitikia tu, na Leah angeondoka akimshukuru.

"Aliyeyapanga ni mimi," alisema. "Na nilisema kwa sababu unyapara alipewa yeye."

Leah akakichukua kibuyu chake.

"Basi kawaambie hivyo hivyo."

Kesho yake alikwenda kweli. Mkaguzi alimsikiliza akiwa amesimama, akamjibu kuwa kesi imekwisha, na kwamba shahidi anayegeuza maneno naye hufungwa. Gasto akaacha unyapara, akarudi kulima uwele.

Yeremia alimaliza miezi yote sita. Aliporudi, Gasto alikwenda kumwamkia asubuhi. Yeremia aliitikia salamu, akaendelea kunoa shoka lake, hakumpa kigoda. Gasto alisimama uani mpaka jua likawa kali, akitafuta neno la kuanzia. Hakulipata. Akaaga, akaenda zake.