Wakili wa Manispaa na Ghorofa Isiyokuwepo

Kila neno humu ni kweli tupu. Anayebisha aende masjala ya mahakama akapekue mwenyewe.

Saa moja na nusu asubuhi. Wakili wa manispaa anapanda ngazi za mahakama peku, faili tatu kwapani, viatu mkononi. Atavivaa mlangoni.

"Ngazi hizi zimenila visigino miaka ishirini na sita," anasema. "Siku hizi nazipunja."

Kazi yake ni kudai kodi za majengo. Na kampuni ikifilisika, kuwahi kortini kabla mali haijagawanywa. Mtaani wanamwita Mama Komeo.

"Shemeji yangu akiniona anaficha hata kiti," anacheka.

Faili la leo ni la kiwanda cha madaftari kilichofilisika. Kitauzwa, na kodi ndiyo inayotangulia kulipwa. Dai la manispaa ni zito kiasi kwamba wafanyakazi sitini na watatu hawataambulia chochote cha kiinua mgongo chao.

Marehemu baba yake alikuwa mkata karatasi humo. Jioni alirudi na mabaki, membamba kama utepe. Ndiyo binti aliyojifunzia kuandika. Siku za likizo alimpelekea chakula juu ya paa, kwenye nondo zilizochomoza zikisubiri ghorofa ya tatu. Baba alitundika shati kwenye nondo, akala kifua wazi, ananukia gundi.

"Mwakani tajiri anapandisha," alisema. Kila mwaka.

Nondo zingalipo, zimekula kutu. Ndiyo maana wiki iliyopita, akipitia hati za ukadiriaji, wakili aligutuka: kiwanda kimetozwa kodi ya ghorofa tatu. Mkadiriaji alinakili ramani ya ujenzi, hakuinua macho. Miaka kumi na tisa!

Akampelekea mkuu wake.

"Dada, hebu nikumbushe, wewe unalipwa na nani?"

"Na walipa kodi, bosi. Wakiwemo hawa tuliowatoza hewa."

"Ule mkataba wako wa miaka miwili baada ya kustaafu, bado uko mezani kwangu, sijausaini."

"Basi uwekee jiwe, bosi, usipeperuke."

Mbele ya jaji anatandaza picha za paa na kuomba dai lipunguzwe.

"Wakili, umekuja kudai au kusamehe?"

"Kudai, Mheshimiwa. Za ghorofa mbili nazitaka mpaka senti ya mwisho. Hiyo ya tatu hatukuwahi kuwa nayo, ila baba yangu aliisubiri sana."

Jaji anakubali. Dai linashuka kwa theluthi, pamoja na faini zake. Wafanyakazi watalipwa, si fedha zote, lakini watalipwa.

Koridoni, mzee mmoja wa mashine ya kushona madaftari anamkazia macho. "Wewe si binti wa mkata karatasi? Ulikuwa unatumwagia mchuzi ngazini!"

Anastaafu baada ya miezi minne, bila mkataba. Anapanga kuweka meza na viti viwili barazani kwake, awasomee watu hati zao za kodi bure. "Nitawauliza jambo moja tu: nyumba yako umeihesabu?"

Kisha akamwagiza mwandishi wa habari hii: "Andika kwamba sikulia." Ikaandikwa kwamba alitoka kortini macho makavu.

Karani wa masjala, aliyeombwa kuhakiki tarehe, aliisoma rasimu akaangua kicheko.

"Macho makavu, mzee? Na leso yangu aliyoondoka nayo, imelowa chapachapa, ilinyeshewa ndani ya korti?"

Mwandishi amelipa: chai mbili, na leso mpya.