Kitabu ya Mechi na Njugu Zangu

Leo nimepita mtaa wa Obunga nikasikia harufu ya njugu ikikaangwa, moyo ikanichoma. Wacha niwaambie.

Baba yangu ndiye alikuwa anaandika mechi za kriketi kwa ule uwanja kubwa ya Kisumu. Nani amepiga ngapi, nani ametolewa, miaka yote. Kitabu ilikuwa moja tu, akilala anaiweka chini ya kitanda. Lakini kwetu, kitabu ikijaa maandishi ilikuwa ya kufunga njugu, kila nyumba hivyo. Mimi nikiwa bado mtoto nikaona hiyo imejaa, nikairarua yote nikafungia njugu, nikaenda kuuza sokoni nikiimba, vile karatasi yake ilikuwa ngumu, nzuri!

Baba akanikuta njugu zimeisha. Mzee mmoja tu ndiye bado alikuwa anatafuna.

"Mzee, nipee hiyo karatasi."

"Ngoja nimalize, Bwana! Ama wewe unakula karatasi?"

Watu wakacheka. Baba akangoja. Akainyoosha kwa goti, mafuta imekula wino yote.

Nikajua nitachapwa. Akasema tu, akiniita kwa Kijaluo, "Nyara, binti yangu, hukujua." Halafu akaketi chini na mimi, akaanza kunitajia wale wachezaji, mmoja mmoja, mpaka akafika mahali amesahau.