Maandishi ya Penseli Pembeni mwa Ukurasa

Pale kiwanja cha ndege walimwita Mama Vitabu, na hakuwa mtu wa mchezo. Ofisi yake ilibanwa kati ya karakana na choo, na kazi yake ilikuwa moja: ndege ndogo yoyote isiondoke bila vitabu vyake. Alivibeba mwenyewe kifuani, kitabu cha kuendeshea ndege na orodha ya ukaguzi ambayo rubani huisoma mstari kwa mstari kabla ya kuwasha injini. Alivitia mfukoni nyuma ya kiti, akahesabu kurasa. Rubani akijidai anajua yote kwa kichwa, alimkata jicho. "Kichwa hicho hicho kilichosahau funguo za gari jana?"

Aliyemshinda alikuwa mmoja tu, na alimzaa mwenyewe. Binti yake wa pekee, rubani, alikuwa na ugonjwa wa kuandika kwa penseli pembeni mwa orodha. Ni marufuku, na alijua fika. Mkabala na mstari wa breki: "Mama, leo umevaa viatu visivyofanana, nimekuona." Mkabala na mstari wa mafuta: "Mama, umekula?" Ndege ikirudi, Mama Vitabu aliingia na kifutio chake akinung'unika, "Mtoto huyu ataniua mimi," akafuta, kisha akampigia simu. "Nimekula, mjinga wewe. Na uache kunichafulia kitabu!" Binti alicheka mpaka akakohoa. Miaka minne mchezo ulikuwa huo.

Kisha ikaja homa. Ijumaa binti alitua salama jioni, ofisi imeshafungwa, Jumamosi akalala, Jumanne hatunaye. Jamani, homa tu! Ingekuwa ndege, angalau mama angepata wa kumlaumu.

Ndege aliyoirusha binti ilikaa miezi mitatu bila kuruka. Mama Vitabu alihudumia nyingine zote, ile akaipita kama haioni. Halafu ikauzwa, na asubuhi moja rubani mgeni akaja kuichukua. Vitabu huenda na ndege yake. Kila ukurasa una namba ya ndege hiyo na muhuri. Ukipungua mmoja, hairuhusiwi kuruka, na ukiwa na maandishi ya mkono, mkaguzi anaukataa. Ikabidi Mama Vitabu aifungue ile orodha. Mkabala na mstari wa mafuta palikuwa na swali ambalo hakuwa amelijibu.

"Mama, umekula? Usinidanganye."

Akakaa chini. Bosi akaingia, akaona, akakohoa kidogo.

"Mama, nipe mimi nifute."

"Uguse uone."

"Basi upige picha kwa simu."

"Picha zake ninazo ukuta mzima. Hapa aliweka mkono wake."

Akamwomba rubani mgeni amwachie ukurasa ule mmoja tu. Yule kijana alivua kofia. "Mama yangu, ningekuachia. Lakini bila huo sitaruhusiwa kuondoka." Mama Vitabu naye angesema hivyo hivyo.

Walipotoka kwenda kuitazama injini, aliuchomoa. Aliufikisha hadi mdomoni mwa mkoba wake. Nani angemlaumu? Lakini macho yakaangukia ule mstari uliochapwa: kagua mafuta. Kuna siku kijana yule angekuwa na haraka, asiuone, aruke. Naye ana mama.

Akaurudisha. Alianza kufuta kutoka mwisho, neno moja moja, taratibu. "Mama" aliliacha la mwisho, na hapo alilia kwa sauti, wala hakujali nani anasikia. Vumbi la kifutio alilikusanya kwa kidole, akalifunga kwenye leso.

Akavibeba vitabu kifuani hadi kwenye ndege, akavitia mfukoni, akahesabu kurasa. Hakuna hata mmoja uliopungua. Alisimama ukingoni mwa kiwanja mpaka ndege ikawa nukta, kisha ikapotea.

Ndipo akatoa simu na kupiga namba ile ya binti yake. Sauti ya mashine ikamwambia namba hiyo haipatikani. Alijua. Hakuikata.

"Sijala, mwanangu," akasema. "Tangu uondoke, sijala."