Kubembeleza Gari

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata nikilala. Niko chini katika njia ya Kabimba, gurudumu la nyuma liko juu ya muguu wangu wa kushoto, na Ngoyi njo huyo ndani ya gari, angali anangurumisha moteri. Nililia: "Freni! Ngoyi, freni!" Freni haikuwa na muguu. Muguu mumoja ulikuwa kwa mafuta, mwingine kwa ambreyaje, ile pedali ya klachi.

Nirudi nyuma kidogo, upate kuelewa.

Mimi na Ngoyi tulikuwa mashofere wa pikapu moja, tunapokezana usukani, tunabeba watu na mihogo mpaka Kalemie. Vijana, vichwa vikubwa. Tulikuwa na muchezo, tuliuita kubembeleza. Unasimama katikati ya kilima, freni haugusi. Unaachilia ambreyaje nusu, unatia mafuta kidogo, gari inabaki pale inatetemeka, haipandi, haishuki. Wamama nyuma wanapiga vigelegele: "Shofere anaibembeleza kama mutoto!" Freni ya mukono tuliiita fimbo ya wazee. Kamba yake ya chuma ililiwa na kutu na hatukujali.

Papa Kitenge, fundi wetu, alifungua ile ambreyaje mara ya pili katika mwaka ule ule. Alinisukumia sahani ya ile ambreyaje puani, nyeusi, imelika, inanuka nywele zilizoungua.

"Nani analaza muguu hapa njia muzima?"

"Sisi wote, Papa."

"Hii pedali ni kitanda? Badilisha vitesi, gia yako, kisha toa muguu! Kilimani, vuta freni ya mukono. Mutaenda kuua mutu kwa ajili ya vigelegele."

Ngoyi akamujibu: "Papa, wewe endesha baiskeli yako." Na mimi nikacheka. Kile kicheko ni kosa langu, silikatai.

Siku yenyewe Ngoyi alikuwa kwa usukani, mimi pembeni yake. Mbuzi wakakata njia kilimani. Akasimama, akaanza kubembeleza, huku anasalimia binti mumoja kwa dirisha. Harufu ikapanda.

"Ngoyi, inaungua."

"Tulia, mama mukwe!"

Mbuzi wakaisha kupita. Akatia mafuta, moteri ikalia, gari haikusogea mbele hata kidogo. Nikaruka chini, nikaokota jiwe, niliweke nyuma ya gurudumu. Nilikuwa ningali nimeinama, gari ikarudi.

Hospitali walikata. Muguu wa kushoto, mwanangu, ule wa ambreyaje. Sijashika usukani tena.

Basi sikia wewe unayejifunza kuendesha leo. Muguu wa kushoto ukimaliza kazi, uweke chini, kando ya pedali. Usiulaze juu yake hata kama njia ni tambarare. Kilimani freni njo inashika gari, ambreyaje haikuumbwa kwa kazi hiyo. Ukisikia harufu, simama, usingoje kusifiwa. Na fundi akikugombeza, usicheke. Mungu akulindie miguu yako yote miwili, uzeeke ukitembea nayo.

Na wewe Ngoyi, uliwaambia watu ni bahati mubaya. Ungali shofere. Unapita mbele ya mulango wangu, unabembeleza pale kwenye mupando wa kilima, na ile harufu inaingia mpaka kwenye sahani yangu ya bukari. Zima moteri, shuka. Watoto wangu wako hapa, wanangoja. Waambie wewe mwenyewe: siku ile, muguu wako wa kulia ulitafuta nini kwa mafuta, na mimi nalia freni?