Mafuta ya Ganda la Korosho

Dirisha la kliniki ya meno liko wazi, na huko nje kuna mtu anachoma korosho. Moshi wa maganda unaingia hadi kwenye kiti alicholazwa mwanangu.

Harufu hii naijua kwa jino. Nilipokuwa mtoto jino lilitoboka likaniuma, bibi yangu akaweka korosho moja juu ya kaa la moto mpaka ganda likatoa mafuta meusi, akachovya ncha ya mwiba wa mlimau, akanishika kidevu.

"Panua, mume wangu. Mate usimeze, na ulimi usiulete huku."

Ulimi sikuuleta. Mdomo ndio uliotetemeka, tone likauangukia. Jino lilinyamaza siku ileile, lakini mdomo uliungua, ukavimba, ukabanduka ngozi. Bibi akawa ananipaka mafuta ya nazi kila jioni. Jino lenyewe liliendelea kumeguka taratibu mpaka likaisha.

Daktari anaziba tundu. Anamuuliza mwanangu kama inauma. Mtoto anatikisa kichwa, macho yakiwa kwenye feni.

"Na wewe baba, nikuangalie?"

"Mimi sina shida," nasema, mkono ukiwa tayari umeufunika mdomo.