Freni za Mafuta ya Mbarika

Mume wangu alikuwa fundi wa magari hapa Uvira, na gari la kwanza tulilopata lilikaa miaka bila kutembea. Tuliachiwa na tajiri wake, Mgiriki aliyekuwa na duka la vitambaa na malori ya kubeba pamba. Mwaka wa uhuru, wenzake walipoanza kuvuka mpaka kwenda Usumbura, naye alifunga duka, akampa mume wangu mkono, akamwambia lile gari jeusi la nyuma ya ghala ni lake sasa, maana halifiki hata Kavimvira, hapo jirani. Alisema kweli. Usukani ulizunguka sana kabla magurudumu hayajasikia lolote. Upande wa kushoto lilikuwa limelala chini kama kuku anayeatamia, na ukikanyaga freni mguu ulikwenda mpaka sakafuni bila kukutana na kitu.

Tulilisukuma mpaka nyumbani, sisi na majirani, watu wakiimba kana kwamba tunaleta bibi harusi. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nikifundisha wasichana kushona katika shule ya misheni, na nilifurahi kuliko yeye. Lakini fundi ni kama mshonaji: nguo za watu zinashonwa, zake zinangoja. Gari likakaa chini ya paa la nyasi kando ya jiko, nami nikawa naanika mihogo juu yake.

Kisha uasi ukafika. Siasa yake siijui vizuri, nasema tu tulichokiona. Wapiganaji waliingia mjini, vijana wengi, wamejifunga majani kichwani, na askari wa serikali wakaondoka bila kuaga. Siku za kwanza watu waliwashangilia njiani. Baadaye wakaanza kuchukua: baiskeli, redio, mbuzi, na kila gari lililoweza kutembea. Makarani kadhaa waliitwa kwenda kuhojiwa na hawakurudi. Shule ikafungwa. Garaji alikofanya kazi mume wangu ikabaki tupu, hakuna gari wala esansi, yaani petroli. Ndipo akachukua kigoda, akakaa mbele ya gari letu, akalitazama asubuhi nzima, halafu akaanza kulifungua.

Nilimuuliza kwa nini sasa. Akanijibu kwamba mikono yake ikikaa bure, kichwa kinaanza kusikiliza bunduki.

Akalipandisha juu ya magogo ya mwembe, akatoa magurudumu, akatoa fimbo zinazopeleka usukani kwenye magurudumu, akatoa resori, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine ili gari lisiumize watu kwenye mashimo. Kila kitu akakiloweka katika beseni langu la kufulia, ndani ya mafuta ya taa. Haikuchukua muda wapiganaji wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta magari. Walipoona letu limekaa juu ya magogo bila miguu, mmoja akauliza usukani uko wapi. Mume wangu akaonyesha beseni. Wakacheka, wakaenda zao.

Tangu siku hiyo nikamwomba asiwe na haraka.

"Ikae hivi," nilimwambia. "Hivi hakuna muntu ataibeba."

"Minye sijui kufanya nusu," akasema, akaendelea kupiga tupa.

Nilikuwa na hasira naye siku ile. Lakini kila nilipotoka nje nilijikuta nasimama kumwangalia. Gurudumu la mbele linageukia kwenye pini nene ya chuma, na pini hiyo inakaa ndani ya pete ya shaba. Pete zetu zilikuwa zimelika, ndiyo maana gari liliyumba. Akaenda bandarini Kalundu, akapata kipande cha shaba kutoka kwenye mashua ya injini iliyokuwa imezama karibu na gati. Mashine ya kuchongea ilikuwepo garajini, lakini umeme haukuwepo. Akazitengeneza pete kwa mkono. Alipaka pini masizi ya sufuria yangu, akaiingiza, akaitoa, akatazama masizi yameshika wapi, akakwaruza hapo tu, akarudia. Nilimwambia ni kama mimi ninapopima bega la gauni. Akaniuliza ninapimaje, na tukazungumza juu ya mabega ya magauni mpaka chakula kikaungua.

Ndani ya sanduku la usukani alikata bati la kopo la sadini, akaliweka kama karatasi kati ya vyuma viwili ili visicheze. Resori iliyovunjika aliibadilisha kwa kipande cha resori ya lori lililoachwa njiani baada ya kuchomwa. Gari likasimama sawa. Siku hiyo nilizunguka kulitazama pande zote, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba lilikuwa gari zuri.

Zikabaki freni. Zile raba ndogo za ndani ya pompa alikuwa nazo, alikuwa amezihifadhi ndani ya kitambaa tangu wakati wa Mgiriki. Mafuta ya freni ndiyo hayakuwepo, si Uvira, si popote tulipoweza kufika. Nikamwuliza kwa nini asitie mawese, maana mawese tunayo. Akasema mawese yanavimbisha raba, halafu inakwama au inapasuka. Kisha akaniambia kwamba zamani, alipokuwa anajifunza kazi, fundi mkubwa alimweleza kwamba mafuta ya freni ya kwanza kabisa yalikuwa ya mbarika, yaliyochanganywa na pombe kali.

Hiyo ilikuwa kazi yangu. Mibarika ilijaa nyuma ya nyumba zetu, hakuna aliyeipanda. Nilichuma, nikakausha, nikapasua maganda, nikakaanga mbegu kidogo, nikatwanga, nikachemsha na kuengua mafuta juu ya maji kama bibi yangu alivyofanya alipotaka mafuta ya ngozi. Nikayarudisha motoni mpaka yakaacha kutoa sauti, ishara kwamba maji yamekwisha. Kwa mama mmoja aliyepika kanyanga, pombe kali ya kienyeji, nikaomba chupa, nikamwomba aipike tena, iwe kali zaidi. Nilichanganya kwenye chupa ya bia, nikaitikisa, nikaichuja kwa kitambaa cha shule.

Nikakaa kwenye kiti cha dereva, yeye akalala chini ya gari. Aliniambia nikanyage, nishike, niachie. Mwanzoni mguu ulizama kama kwenye matope. Hewa ikatoka, mafuta yakafuata, tukarudia gurudumu kwa gurudumu. Halafu nikakanyaga na chini ya mguu wangu kukawa na kitu kigumu, kama mtu amesimama upande wa pili na anakataa kusogea. Nilibaki nimekanyaga hivyohivyo, nacheka, mpaka akatoka chini kuja kuona nina nini.

Magurudumu yalikuwa yamesharudishwa wapiganaji walipokuja tena. Safari hii walikuja na gari lao, la kiwanda kilekile, lenye rangi ya maziwa, nalo lilisimama baada ya kugonga ukuta wa jirani. Fimbo ya usukani ilikuwa imepinda. Mume wangu akafungua kifuniko cha pompa ya freni, akaingiza kidole, kikatoka chekundu. Walikuwa wametia mawese.

Kiongozi wao alikuwa mtu mzima kuliko wengine, na sauti yake ilikuwa ya chini. Alikuwa anataka kwenda juu, njia ya Bukavu, kupitia bonde lote na kupanda ule mlima wenye kona. Alilitazama letu.

"Fundi, tunabeba hii yako."

"Baba, hii haina batiri, na moteri haijawaka tangu uhuru," mume wangu akamjibu. "Yenu moteri iko muzima. Ngoja jua lipoe, nitoe direksio na freni ya kwangu, niweke ku yenu."

Nilisikia hayo nikiwa mlangoni mwa jiko. Kazi yote ile ya usukani na freni. Kiongozi akakubali, vijana wakakaa kivulini, na mume wangu akaanza kufungua alichokuwa amefunga.

Alipofika kwenye freni akaniita nilete mafuta. Nikaingia jikoni kuyachukua, na jirani yangu akaingia nyuma yangu. Alikuwa mjane, makamo ya mama yangu. Mtoto wake wa kiume alikuwa mmoja wa wale makarani walioitwa. Alijifanya amekuja kuomba moto. Kwenye rafu palikuwa na chupa mbili: ya mbarika iliyobaki, na ya mawese ya kupikia.

"Weka ile nyekundu," akaniambia polepole. "Changanya tu kidogo. Ule mulima utawamaliza wenyewe, na weye hautakuwa umegusa muntu."

Sitasema kwamba wazo lilinichukiza. Nilimfikiria mtoto wake, aliyekuwa ananisalimia kila asubuhi akienda ofisini, shati lake limepigwa pasi. Nilizitazama chupa. Lakini kabla ya mlima kuna bonde. Kuna Luberizi na ng'ombe wanaovuka, na kuna Bwegera, ambako mama yangu na wanawake wenzake walikaa ukingoni mwa barabara na makapu ya mchele, watoto wakicheza mbele yao. Freni haichagui inamkosea nani. Nikachukua chupa ya mbarika, nikatoka.

Mume wangu aliipokea, akaiinua kwenye mwanga, akanitazama. Nadhani alikuwa amemwona jirani akiingia.

"Iko ile yetu?"

"Iko ile yetu."

Akamimina. Nilitaka kupanda kukanyaga kama tulivyozoea, lakini kijana mmoja akanizuia. Alisema mwanamke akigusa gari lao, dawa yao ya vita itakufa. Kiongozi akamwamuru yule kijana akanyage mwenyewe. Hawakuuliza mafuta yametoka mikononi mwa nani, nami sikuona haja ya kuwaeleza.

Waliondoka jua likishuka upande wa mlima. Letu likarudi juu ya magogo. Jirani aliniuliza niliweka nini, nikamwambia ukweli. Alichukua kaa la moto alilokuja kuomba, akaenda kwake. Mtoto wake hakurudi. Tulikaa majirani mpaka alipofariki, tukazikiana na kusaidiana mengi, na jambo lile hatukulitaja tena.

Jeshi liliporudi na njia zikafunguka, dereva mmoja alimwambia mume wangu kwamba gari la rangi ya maziwa liko Katogota. Tulikwenda kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma, tukapumzika Bwegera kwa mama yangu, ambaye alikuwa mzima na aliyelalamika kwamba nimekonda. Tulilikuta gari kando ya shamba, magurudumu hayapo, kuku wakitaga kwenye viti. Mwenye kuku, bibi mmoja mnene, alitueleza kwamba lilifika hapo likaishiwa esansi. Watu wakashuka bila fujo, wa mbele akafunga mlango vizuri, wakaingia milimani kwa miguu. Hakusikia habari zao tena.

Mume wangu akamwomba ruhusa ya kutoa vyuma vyetu. Bibi akasema vya chini tuchukue vyote, lakini nyumba ya kuku ibaki. Ndivyo tulivyofanya. Nilishika nati, nikashika pompa, nikaona mafuta yangu bado yamo, yamekuwa meusi kidogo. Alitupa mayai yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, na tukarudi tukiisukuma baiskeli, vyuma vimefungwa juu yake kama mgonjwa anayepelekwa dispensari.

Mume wangu akavifunga tena vile alivyokuwa amekwisha kuvifunga mara moja, bila kulalamika. Moteri ilichukua muda zaidi. Batiri ilipopatikana, alinifundisha kuendesha kwenye njia ya Kalundu, ziwa likiwa upande mmoja na mlima upande mwingine, mahali ambapo huwezi kupotea hata ukitaka. Mbuzi akakatiza. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, na mume wangu, ambaye hakuwa ameshika kitu, akagonga kioo kwa paji la uso.

Akajipapasa, akatazama kidole chake kama kina damu. Hakikuwa nayo.

"Polepole, mama," akasema. "Hii inashika."