Mafuriko ya Kwenye Simu

Tulikuwa watatu chumbani kwetu Mikumi: mimi dada mkubwa, niliyeacha shule niwalee, mdogo wangu wa kiume na kitinda mimba wetu. Mdogo wangu alikuwa ametengeneza kwenye mchezo wa simu nyumba yetu ya Kilosa, na baba na mama ndani yake. Kila mara aliachia mto uwasombe, kama ulivyowasomba kweli.

“Mama analia. Zuia maji, kaka,” alisema kitinda mimba.

“Nikizuia, nitajuaje kama wangewahi kufika darajani wakaokoka? Halafu hao hawasikii maumivu.”

“Umewauliza?”

Nilimnyang'anya kaka yake simu.

“Na Mungu, dada, kwetu alitaka kujua nini?” aliniuliza kitinda mimba.

Nilimtuma akawashe mkaa. Sasa amekua, na jibu lake bado ninadaiwa.